Kuulizwa na Kuuliziwa: Blogu, Mitandao ya Kijamii na Kudumu kwa Wanachama wa Vyama vya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Vyama vya Kiswahili havina upungufu mkubwa wa watu wanaojiunga navyo. Palipo na kongamano, fomu hujazwa, viingilio hulipwa, na orodha ya wanachama hurefuka kabla wajumbe hawajapanda mabasi kurejea makwao. Tatizo hujitokeza mwaka unaofuata, wakati sehemu ya waliojiandikisha haionekani tena. Hawakujiuzulu, hawakugombana na mtu, wala hawakuhamia chama kingine. Wamenyamaza tu, na aghalabu hakuna aliyeitambua siku waliponyamaza.

Suala hili kwa kawaida huachiwa mhazini, kana kwamba ni suala la ada peke yake. Mhadhara huu unalitazama kwa jicho la taaluma ya Kiswahili, kwa sababu mbili. Kwanza, kazi kubwa ya kuikuza lugha hii imefanywa na inaendelea kufanywa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo: walimu wa shule, washairi, wafasiri, watangazaji na wanafunzi. Mmoja wao anaponyamaza, huondoka na maneno aliyokuwa nayo. Pili, vyombo vinavyotumiwa leo kuwaunganisha wanachama, yaani blogu, kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp, ni vyombo vya maandishi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo, namna chama kinavyoandika inahusiana moja kwa moja na namna kinavyoishi.

Hoja ya msingi inaweza kuelezwa kwa vitenzi viwili vya mzizi mmoja. Mwanachama huulizwa pale anapotakiwa kutoa alichonacho kichwani. Huuliziwa pale anapokosekana na wenzake wakataka kujua yuko wapi. Mhadhara huu unadai kwamba mwanachama hudumu katika chama kinachomuuliza na kumuulizia, na kwamba blogu na mitandao ya kijamii husaidia kwa kadiri tu inavyotumika kwa kazi hizo mbili. Inapotumika kutoa matangazo peke yake, huwa ubao wa matangazo ambao mpita njia hutupia jicho na kuendelea na safari.

2.0 Ukurasa kabla ya intaneti

Wazo la kuwashikilia watu walio mbali kwa njia ya ukurasa si geni katika historia ya Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, likiwa gazeti la serikali ya kikoloni. Hata hivyo, wasomaji walilipa kazi nyingine. Washairi walituma tungo zao, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapishwa humo. Shairi moja liliuliza, jingine likajibu kwa bahari ileile, na la tatu likaingilia kati kusuluhisha au kuchochea. Mtu wa Tanga aliweza kufahamiana kwa miaka na mtu wa Tabora ambaye hakuwahi kumwona uso. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni ukurasa na matarajio ya jibu.

Katika mazingira hayo haishangazi kwamba washairi walikuja kuunda chama chao. Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kinachojulikana kama UKUTA, kilikuwa na miongoni mwa viongozi wake Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969. Inafaa kuzingatia mpangilio wa mambo. Mazungumzo ya ukurasani yalitangulia, kisha chama kikafuata. Vyama vingi vya leo hufanya kinyume chake: huandika katiba, huchagua viongozi, hufungua ukurasa, kisha hushangaa kwamba ukurasa hauna wasemaji.

Mfano wa pili unatoka upande wa taasisi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi ambazo wataalamu wake hawakuweza kukutana mara kwa mara. Kamati hiyo ilikuwa na taarifa yake ya kuchapishwa. Taarifa hiyo ndiyo chimbuko la jarida linaloitwa leo Kiswahili, ambalo limepitia mikono ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1964, na tangu mwaka 2009 liko chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makao ya kamati yalihama, majina yalibadilika, viongozi walipita. Kilichobaki ni mfululizo wa maandishi ambao mtafiti wa leo anaweza kuufungua na kuona nani alisema nini. Mambo Leo linaonyesha thamani ya kujibizana, na jarida la kamati linaonyesha thamani ya kumbukumbu.

3.0 Kuja kwa blogu na mitandao ya kijamii

Kublogu kwa Kiswahili kulishika kasi katikati ya muongo wa kwanza wa miaka ya 2000. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waanzilishi walioonyesha kwamba mtu anaweza kuandika mtandaoni kwa Kiswahili sanifu, juu ya mambo mazito, na akapata wasomaji wanaojibu. Mwaka 2005 Issa Michuzi alianza blogu yake ya picha na habari, ambayo ilikuja kuwa mahali pa kukutania Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Mwaka 2006 Facebook ilifunguliwa kwa umma. Mwezi Julai mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mawasiliano ambayo awali yalitegemea setilaiti yakaanza kuwa ya kasi zaidi. WhatsApp ilianzishwa mwaka huohuo.

Mabadiliko haya yalivikuta vyama vya Kiswahili katika hali tofauti. Chama cha Kiswahili cha Taifa nchini Kenya, CHAKITA, kilikuwa kimeanza mwaka 1998, kabla ya zama za blogu. Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, CHAUKIDU, kilizaliwa mwaka 2012, na wanachama wake tangu mwanzo walitawanyika katika mabara kadhaa. Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, kina ugumu wa aina yake: shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka 3 Tanzania na miaka 4 Kenya, kwa hiyo chama cha wanafunzi hupoteza wanachama wake kwa kalenda, hata kama hakuna aliyekichoka.

Hali hiyo inafanya suala la kudumu kuwa zito zaidi leo kuliko zamani. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Rwanda ilikuwa imekifanya lugha rasmi mwaka 2017. Eneo la lugha linapanuka, na mtu anayejiunga na chama akiwa Kigali au Kampala huenda asihudhurie mkutano hata mmoja ana kwa ana. Kwake yeye, ukurasa wa chama ndio chama.

4.0 Baraza na kazi zake mbili

Ili kuelewa kinachomfanya mtu arudi mahali, inafaa kulitazama baraza la nyumba ya pwani. Lamu, Mombasa na Unguja, baraza ni kitako cha mawe nje ya nyumba, ambapo watu huketi jioni wakazungumza. Hakuna daftari la mahudhurio wala ada. Hata hivyo, watu hurudi palepale kwa miaka arobaini. Anayekosa jioni mbili huulizwa siku ya tatu alikuwa wapi, na asipoonekana siku ya nne mtu hutumwa kwake. Aidha, kila mmoja anajulikana kwa analolijua: huyu huulizwa habari za pepo na misimu, yule nasaba, na mwingine maana ya neno gumu lililosikika redioni.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa kuulizia. Ni jepesi, linafikika kwa simu ya kawaida yenye intaneti, na halimalizi bando haraka iwapo wanachama hawarushiani video zisizo na mwisho. Lakini kundi lina udhaifu wake. Ukubwa wa makundi ya WhatsApp uliwekewa kikomo cha watu 256 mwaka 2016, na mwaka 2022 kikomo hicho kikapandishwa hadi zaidi ya 1,000. Upanuzi huo haukuleta manufaa tu. Katika kundi la watu 30, ukimya wa mmoja huonekana; katika kundi la watu 800, watu 700 wanaweza kunyamaza na pasiwe na anayejua. Yafaa basi chama kikubwa kiwe na makundi madogo ya kimkoa au ya kifani, na kila kundi liwe na mtu mwenye jukumu la kumpigia simu mwanachama ambaye hajasikika kwa mwezi mzima. Simu hiyo isiwe ya kudai ada.

Hapa pana jambo linalovigharimu vyama vingi. Mwanachama aliyechelewa kulipa huondolewa kundini, wakati mwingine baada ya jina lake kubandikwa mbele ya wote katika orodha ya wadaiwa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kulipa ada hakuhitaji tena safari, na mdaiwa anaweza kukumbushwa faraghani kwa ujumbe mmoja. Kumwondoa ni kumkatia njia pekee ambayo ingemrudisha. Tena kuna upande wa sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya majina, namba za simu na madeni si kitu cha kusambazwa ovyo.

Blogu, kwa upande wake, inafaa kwa kuuliza. Swali zuri la chama cha Kiswahili ni lile ambalo kila mwanachama ana sehemu ya jibu na hakuna mwenye jibu zima. Mwalimu wa Kilwa aulizwe wavuvi wa kwao wanatofautisha vipi jarife, juya na kimia. Mwanafunzi wa Nairobi aeleze kwa nini tarakilishi na rununu yamekubalika katika madarasa ya Kenya, ilhali mwenzake wa Morogoro husema kompyuta na simu ya mkononi bila kuhisi kwamba amepungukiwa. Mkazi wa Lubumbashi aeleze matumizi ya kwao ambayo kamusi za Dar es Salaam hazijayaandika. Majibu ya namna hiyo yakikusanywa, yakahaririwa na kuwekwa kwenye blogu kwa jina la kila aliyechangia, mwanachama hupata sababu ya kurudi ambayo haihitaji kukumbushwa: ana kitu chake pale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vyama vingi humkaribisha mwanachama mpya kwa maneno matamu na picha ya maua, kisha humwacha akae mgeni daima. Mtu anayepewa katika mwezi wake wa kwanza kazi ndogo na ya kweli, kama vile kukusanya istilahi kumi za mafundi magari wa mtaani kwake, hupata nafasi ya kuwa mwenyeji.

5.0 Tatizo la kusahihishana

Vyama vya Kiswahili vina hatari ambayo vyama vya wafugaji nyuki au wapiga picha hawana. Chombo cha mazungumzo ndicho mada ya mazungumzo. Mwanachama anapoandika, wenzake hawasomi hoja yake tu; husoma pia tahajia yake, na jibu la kwanza huwa sahihisho.

Mfano ulio wazi ni maandishi ya vijana. Katika ujumbe wa simu, sasa huandikwa xaxa, sijui huandikwa cjui, na tupo huandikwa 2po. Mwanaisimu anayetazama kwa utulivu ataona utaratibu hapa. Herufi c imepewa thamani ya jina lake la Kiingereza, na tarakimu 2 imetumika kwa sauti ya neno la Kiingereza linaloitaja, sauti ambayo inakaribiana na kiambishi tu-. Kijana aliyebuni mtindo huo amegawa silabi za Kiswahili bila kufundishwa. Hilo halifanyi cjui kuwa tahajia sanifu, wala halipaswi kuingia katika makala ya chama. Lakini mtu aliyeuliza swali la maana kwa tahajia hiyo, akajibiwa kwa kukaripiwa mbele ya watu 200, hujifunza jambo moja tu: kutouliza tena. Hali ni hiyohiyo kwa mwanachama ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi r na l, na ambaye kura yake huwa kula mara kwa mara.

Chama hakilazimiki kuchagua kati ya usanifu na ukarimu. Kinachohitajika ni kutenganisha mahali pa kazi hizo. Kundini watu waongee wanavyoweza, na hoja ijibiwe kwanza. Blogu iwe na mhariri, na sahihisho lipite kati ya mhariri na mwandishi kabla andiko halijatolewa, kama ilivyo katika jarida lolote linaloheshimika. Hapo mwandishi mchanga huona jina lake chini ya Kiswahili safi, akajua pia kilichobadilishwa na sababu yake. Hilo ni somo asilolipata darasani kila siku.

Ni vema isifikiriwe kwamba mabishano yenyewe ndiyo yanayofukuza watu. Historia inaonyesha vingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mgogoro kati ya watetezi wa vina na mizani na wafuasi wa mashairi huru ulipamba moto, ukaendelea kwa miaka mingi vyuoni, magazetini na vitabuni. Mgogoro huo uliwafanya watu wa pande zote mbili waandike zaidi na wasomane zaidi. Kila upande ulikuwa na hoja na ulijua kwamba upande wa pili ungejibu. Anayefukuzwa na chama ni yule aliyedharauliwa, pamoja na yule aliyesema neno lake kwa makini na lisijibiwe na mtu yeyote.

6.0 Daftari la chama

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii inahusu fedha, lakini inafaa zaidi kwa mazungumzo. Mjadala mzuri wa istilahi unaofanyika kundini usiku mmoja huzikwa na salamu za asubuhi, na kwa muda mrefu aliyejiunga leo hakuweza kuona yaliyosemwa jana. Chama kinachozungumza kundini peke yake hujikuta kikirudia mijadala ileile kila mwaka, na wakongwe hukinai, wakaondoka kimyakimya. Kwa hiyo pawepo mtu, si lazima awe kiongozi, wa kuyachukua yaliyo bora kutoka kundini kwa idhini ya wasemaji na kuyapeleka kwenye blogu.

Hata blogu si sanduku la chuma. Mtandao wa Google+ ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019, na Yahoo Groups ikafungwa mwaka 2020. Maandishi ambayo wenyewe hawakuyanakili yalikwenda na mitandao hiyo. Kuna pia kifo cha polepole zaidi, ambacho vyama vya wanafunzi vinakifahamu vizuri: katibu aliyefungua blogu kwa anwani yake binafsi huhitimu, hupata kazi mkoa mwingine, husahau nywila, na chama huanza upya. Tiba yake ni ya kawaida. Akaunti ifunguliwe kwa anwani ya chama, ufunguo wake wawe nao watu watatu, na makabidhiano yake yaingie katika ajenda ya mkutano mkuu pamoja na makabidhiano ya hesabu. Maandishi ya mwaka mzima yanakiliwe, na yaliyo bora yachapishwe kwenye karatasi, hata kwa nakala chache, na kupelekwa maktaba ya chuo.

Mazingira ya kisheria nayo ni sehemu ya daftari. Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kupata leseni, na gharama yake ilizidi shilingi milioni 2 kwa kuanzia. Baadhi ya blogu zilisimama. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Chama chenye blogu kinapaswa kufuatilia kanuni zinazotumika katika nchi kilikosajiliwa, ili wanachama wasije wakaamka siku moja wakakuta baraza lao limefungwa kwa sababu ya karatasi moja.

7.0 Hitimisho

Mwezi Novemba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2022. Kila mwaka siku hiyo kurasa za vyama hujaa salamu, mabango na picha za viongozi. Kipimo cha chama kiko katika tarehe 8 Julai na siku zinazofuata: je, kuna swali lililoulizwa, kuna jibu lililohaririwa na kuwekwa panapoonekana, kuna mwanachama aliyepigiwa simu kwa sababu hajasikika?

Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji mhariri mmoja mwenye subira, watu wachache wa kuulizia wenzao, na ratiba inayofuatwa hata mwezi ambao hakuna kongamano. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa wao ndio wepesi zaidi katika vyombo hivi na ndio wanaoondoka mapema zaidi. Mhitimu anayeendelea kuulizwa na chama chake, akiwa anafundisha kijijini au akifasiri hati mjini, hubaki kuwa mtafiti wa lugha bila mshahara wala cheo, kama walivyokuwa wengi waliotangulia. Na yale anayoyasikia huko kila siku, ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote, yatapata njia ya kufika yanakohitajika.